Mbwa Aliyegoma Mlangoni

Subirini alifika kwenye kizingiti cha chumba cha mzee, akanusa, akaanza kurudi kinyumenyume, mkia katikati ya miguu. Anyitike, bwana mifugo, alimvuta kwa kamba. Mbwa akajikojolea palepale kwenye saruji.

"Huyu vipi?" Anyitike aliuliza.

"Ndiyo hivyo tangu Jumapili," alisema Joyness. "Na zamani alikuwa halali kwingine ila chini ya kitanda cha baba mkwe."

Anyitike alikuwa anazunguka Uyole nyumba kwa nyumba akichanja mbwa. Hapa alisahau sindano. Mbwa alikuwa amekwisha, mbavu nje, manyoya yananyonyoka. Mwenye mbwa, Mzee Ezekia, aliyempa jina la Subirini kwa ajili ya majirani waliokuwa wanasubiri aanguke, alikuwa humo ndani anakohoa. Amelala tangu Krismasi, tumbo linamsokota, hospitali wamempima mpaka wamechoka. Ajabu, siku hizi za karibuni mzee ndiye aliyeanza kupata sauti, na mbwa ndiye aliyeanza kufa. Jambo hilo lilikuwa linamnyima Joyness usingizi.

Na watu wa mtaa hawana dogo. Mzee alikuwa ameahidi mbele ya mchungaji kwamba akiinuka tu kitandani, shamba la parachichi atalikata katikati: nusu ya Gideon, mwanawe wa pekee na mume wa Joyness, aliyekuwa machimboni Makongolosi, nusu ya mdogo wake mzee mwenyewe, Jailos. Jailos ndiye aliyekuwa akija kumwogesha mzee asubuhi na jioni. Watu wakasema yule haogeshi kaka, anaogesha nusu shamba. Midomo ni yao.

Anyitike alimpeleka mbwa jikoni. Joyness akammiminia uji kutoka kwenye sufuria ya mzee. Subirini akaulamba wote, akatafuta mwingine.

"Basi uji hauna kosa," Anyitike alisema. "Chumba ndicho kina kosa."

"Chumba kina kosa gani?"

"Mnyama anakumbuka mahali, dada. Kuna nguruwe wa Igurusi alikuwa anapewa machicha ya pombe nyuma ya kilabu. Wakamhamisha. Siku alipokata kamba, alikwenda kulala nyuma ya kilabu, anasubiri kulewa. Na ng'ombe ukimnywesha dawa kali zizini, akaugua, kesho humwingizi zizi hilo hata kwa fimbo. Huyu amekula kitu kibaya humo ndani. Na si mara moja."

Joyness alishika fremu ya mlango. "Nani anampa chakula humo?"

"Nani yuko humo?"

Kikohozi kikaja tena kutoka chumbani.

"Mzee anakula nini?" Anyitike aliuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Uji wangu. Naweka bakuli kwenye kigoda, hapo nje ya mlango, naondoka; anayekuja kumwogesha anamsogezea kitandani. Mimi ni mke wa mwanawe, siingii anapolala. Bakuli linarudi jeupe. Mimi nilijua anakula."

"Anampa mbwa. Tumbo liliukataa, akaona aibu kukurudishia." Anyitike akatazama nje, ambako Jailos alikuwa anaanika shuka za kaka yake. "Sasa niambie. Uji ukiwa jikoni ni mzima, ukifika humo unaua mbwa. Nani anapita hapo katikati?"

Joyness alivuta kitenge akajifunika uso, akalia. Anyitike akaona jibu limetosha.

Jioni hiyo mwenyekiti wa mtaa alikuja na majirani. Hawakutaka maneno mengi. Jailos aliambiwa asikanyage tena nyumba hiyo mpaka polisi wamsikilize. Alisimama uani.

"Kaka akifa leo, mimi napata nini?" aliuliza.

Mama Violet, kiongozi wa kinamama wa kanisani, alitema mate chini.

Likabaki swali la nani atamhudumia mgonjwa. Joyness akasema ataingia yeye. Wazee wakaguna. Kwa Wanyakyusa hilo si jambo dogo. Mke wa mwana hukwepa hata kukutana na mkwe wake njiani. Lakini Joyness alisema kwa upole, macho chini, kwamba mila haiwezi kuwa kubwa kuliko uhai wa mtu, na kwamba kuanzia leo atamlisha mzee kwa mkono wake, kijiko kwa kijiko, mpaka aone amemeza. Mama Violet alifuta machozi. Alisema wakwe wa namna hiyo waliisha zamani.

Mzee alikuwa amesikia yote. Sauti ikatoka ndani, nyembamba, yenye furaha. "Ingia, mwanangu. Nisamehe kwa ule uji. Wa mkononi mwako nitaumaliza."

"Nakuja, baba."

Majirani walitawanyika wakimshukuru Mungu. Joyness alirudi jikoni, akachota uji, akalijaza bakuli. Akafungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake, akakung'utia humo unga wote uliokuwa umebaki, akakoroga mpaka haukuonekana. Kisha akachukua kijiko.