Klabu Iko Upande wa Pili

Mama Stempu aligonga lango la mfuga nyuki kwa mpini wa mwavuli, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Leo hunizungushi," alisema, hata hodi hajapiga. "Klabu ya mazoezi iko wapi?"

Mfuga nyuki alitoka taratibu, kofia yenye wavu bado imemfunika uso. Aliangalia jasho la mgeni wake, akaangalia kilima alichokishuka, akaonekana kuridhika kama mtu aliyekuta mkate wake umeumuka.

"Karibu maji kwanza, mama. Klabu ipo. Ila anayejua wanapokutania ni mwenye duka, kule gatini."

"Mwenye duka ndiye aliyenituma kwa fundi cherehani. Fundi cherehani kanituma kwako."

"Basi watakuwa wamehama. Pita njia ya juu, ina kivuli."

Kivuli kilikuwepo, kweli. Mlima nao ulikuwepo.

Maisha yake yote ya kazi, Mama Stempu alikuwa amekaa nyuma ya dirisha la posta mjini, akiuza stempu na kuwatuma watu kwenye madirisha mengine. Ukija na kifurushi, anakwambia nenda la tatu. Ukifika la tatu, unarudishwa la kwanza. Wapo walioota mvi kwenye foleni yake. Alipostaafu akarithi nyumba ya shangazi yake hapo kisiwani: vyumba viwili, bati jekundu, na baraza inayotazama maji. Aliipenda nyumba ile mpaka akawa anaiamkia asubuhi.

Tatizo lilikuwa presha. Nesi wa zahanati alipompima mara ya kwanza alikitazama kipimo, akakigonga kwa kidole, akapima upya. Kisha akamwambia vidonge peke yake havitoshi, atafute mchezo, kuna klabu nzuri tu hapo kisiwani. Mwanawe, daktari wa meno mjini, aliposikia alipiga simu papo hapo.

"Mama, mwisho wa mwezi nakuja. Presha isiposhuka, unahamia kwangu."

Kwa mwanawe ni ghorofani, dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jirani. Na mkwe anachemsha kila kitu, hata vitunguu.

Kwa hiyo alitafuta. Lakini kisiwa kile kilikuwa na watu wa ajabu. Mwenye pikipiki alimwambia petroli imeisha, na injini bado inatoa moshi. Fundi cherehani, ambaye nyumba yake ni ya mwisho kabisa kule juu kilimani, alimwambia watu walicheza mpira wa wavu jana.

"Jana saa ngapi? Mbona jana nilikuwa hapa hapa?"

"Ulipotoka tu, mama. Yaani ungegeuka nyuma, ungewaona."

Kila alikofika alikuta kiti kimeshawekwa, na glasi ya maji imefunikwa kisahani. Watoto wakimwona anapanda mlima walipiga makofi. Akajisemea moyoni kwamba malezi ya siku hizi yamekwisha.

Kitu kimoja tu kilikwenda vizuri: fundi cherehani alimpunguzia gauni kiunoni, kisha akampunguzia tena, na hakumtoza. Alisema vitambaa vya mjini vina tabia ya kutanuka.

Siku moja kabla ya mwanawe kufika, mwenye duka alimrudisha tena kwa mfuga nyuki. Mama Stempu alipandisha kilima akitukana kimoyomoyo, na alipofika katikati akashtuka kwamba anaimba. Alinyamaza haraka. Baada ya kona akaendelea na ubeti wa pili.

Mwanawe alifika na begi tupu la kupakia nguo za mama yake. Alilisimamisha mlangoni mwa zahanati kama askari. Nesi akamfunga mama mkanda mkononi, akausoma mshale, akamwonyesha mtoto. Mtoto akakigonga kipimo kwa kidole.

"Pima tena."

Nesi akapima tena. Daktari wa meno alikaa juu ya begi lake.

"Imeshuka," alisema. "Mama, imeshuka kabisa. Umejiunga na klabu gani?"

"Klabu gani?" Mama Stempu alipandwa na hasira zake zote za mwezi mzima. "Watu wa hapa hawana mchezo wowote isipokuwa kusumbua wajane. Hiyo klabu nimeitafuta gatini, nimeitafuta kilimani, nimekwenda mpaka kwa nyuki, kwa miguu yangu hii, kila siku ya Mungu, na..."

Akaitazama miguu yake.

Alimgeukia nesi. Nesi alikuwa anaukunja mkanda wake kwa uangalifu wa kupita kiasi. Nje ya dirisha, mwenye duka, fundi cherehani na mfuga nyuki walikuwa wamebanana bega kwa bega, shingo wamezirefusha kama watu wanaongoja penalti ipigwe.

Begi lilirudi mjini tupu.

Boti iliyofuata ilimshusha karani mpya wa bandari, tumbo mbele, mwenyewe nyuma. Alipitia zahanati. Kabla jua halijawa kali alikuwa amefika kwenye baraza ya bati jekundu, anahema.

"Shikamoo mama. Nesi amesema wewe ndiye unayejua klabu ya mazoezi iko wapi."

"Marahaba." Mama Stempu aliangalia viatu vyake, akaangalia kilima, kisha akamsogezea glasi ya maji iliyofunikwa kisahani. "Umekosea dirisha, mwanangu. Kamuulize fundi cherehani, kule juu. Na mwenye pikipiki usimsumbue, petroli imeisha."