Figo za Mama

"Na hii miaka miwili, dada, ulikuwa wapi?" Meneja wa shamba la maua aliweka kidole kwenye pengo katika barua ya kuomba kazi ya mwanamke aliyeketi mbele yake.

Jibu alikuwa amelikariri njia nzima kutoka Karagita. Wodi ya wagonjwa wa akili alimolazwa hangeitaja, wala vile vidonge vya kila asubuhi.

"Nilikuwa namuuguza mama," alisema. "Figo."

Meneja akavua miwani. "Woi, pole. Lakini hata hukuhitaji kuniambia. Ugonjwa ni siri ya mtu. Mimi nataka tu kujua kama utaweza kazi."

Mwanamke akainamisha kichwa. Mama yake alikuwa mzima kabisa, huko Mau Narok, akichimba viazi. Ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko miezi yote ile, kucha zake nyeusi kwa udongo usiotoka hata kwa brashi. Na ndiye aliyemfundisha tangu utotoni kwamba kinywa huumba: usimtamkie mtu ugonjwa, utamfuata.

"Sisi hapa ni watu wa maombi," meneja alisema, akiwaita makarani wawili. "Tushikane mikono, tumwombee mgonjwa."

Wakashikana mikono. Wote wakafumba macho, isipokuwa yeye.

"Tumtaje kwa jina mbele za Mungu. Mama anaitwa nani?"

Alitafuta jina lingine, jina lolote la mwanamke, lakini lililomjia ni la mama yake tu. Mikono miwili ikambana vidole, ikingoja.

"Jerioth," alisema.