Kigoda cha Tunu

Siku ya mtihani wa kumaliza mwaka wa kwanza katika chuo cha useremala, kigoda cha Tunu kiliyumba mbele ya Mwalimu Kombo.

"Kikiyumba, huingii mwaka wa pili," mwalimu alisema.

Faraji, mwanafunzi mwenzake, akamsogezea msumeno. "Kata, Mama Mbuzi!"

Karakana nzima ikacheka. Mwezi wao wa kwanza chuoni, kigoda cha kwanza cha Tunu kiliyumba palepale. Akakata mguu mmoja, akakata mwingine, akaizunguka yote minne hadi kikabaki kifupi kama mbuzi ya kukunia nazi. Jina likamganda.

Leo Tunu hakuugusa msumeno. Alipiga magoti, akalaza rula ya chuma sakafuni, akachungulia. Mwanga ulipita chini ya rula. Akanyanyua kigoda, akakitua juu ya meza ya kurandia mbao. Kikatulia tuli.

"Mwalimu, kigoda changu kizima. Sakafu yako ndiyo ina bonde."

Kicheko kilikatika. Mwalimu Kombo alikikandamiza kigoda kwa viganja viwili, kisha akanyoosha mkono kuiomba rula.

Tunu akampa. Akavuta kile kigoda chake cha zamani kutoka chini ya meza, akakikalia, magoti yakakaribia kidevu, akamngoja apime sakafu.