Kibao cha Mbele

Spana ilikuwa imeshakamata nati ya kwanza Salvatory alipogundua kuwa kibao hakina kutu.

Msalaba wa kaburi la baba yake ulikuwa wa mti, umeliwa na mchwa upande mmoja. Misalaba ya jirani ilifungiwa makafi ya wavuvi, yamepauka kwa jua la ziwani. Baba yake hakuwa mvuvi. Alikuwa dereva, ndiyo maana siku ya mazishi walimfungia msalabani kibao cha namba cha mbele cha Landrova yake.

Sasa Landrova imefufuka. Wanunuzi binafsi wanagombea kahawa ya kule milimani Ukata, na gari linatakiwa barabarani. Lakini afisa wa usajili kule Mbinga amekataa kuliandika upya kwa namba yake ya zamani mpaka avione vibao vyote viwili, cha nyuma na cha mbele.

Miaka yote hiyo ya mvua na upepo wa Nyasa, na kibao bado kinang'aa. Tarakimu zake zilikuwa zimelika kwa kusuguliwa, kama sufuria ya siku nyingi.

"Nakisugua kwa majivu kila Jumamosi," mama yake alisema nyuma yake. Hakumsikia akija.

Salvatory akashusha spana. "Shikamoo, mama. Nilitaka kukuambia."

Mama alichuchumaa, akakifuta kibao kwa ncha ya khanga, tarakimu moja baada ya nyingine. Kisha akaushika msalaba kwa mikono miwili ili usitikisike.

"Fungua," alisema. "Ila kila Jumamosi gari lipite kwangu."