Bibi wa Ukutani

Oduol alikanyaga breki za katapila, nusura apasue kioo kwa paji la uso. Kwenye ukuta aliotakiwa kuubomoa, bibi kizee alikuwa amekaa juu ya kigoda, ametulia tuli.

Felix, mlinzi wa kampuni ya mgodi iliyotaka eneo lile, akakimbia kumwondoa. Akashika mkaa na chokaa. Mchoro!

Barabara nzima ya Nyamongo iliangua kicheko. Bodaboda wakapiga honi.

"Nani kachora?" Felix alifoka.

"Mimi," Mogesi akajibu, anatafuna muwa. "Nimemaliza fomu foo, kaka. Kazi mmeninyima, hata ukuta mtaninyima?"

Sura ile kila mtu aliijua: Bibi Waisiko, bibi yake Mogesi, aliyekataa fidia kwa sababu mumewe kazikwa pale pale uani.

Tangu siku hiyo, kila nyumba iliyofikiwa na katapila ilikutwa na Bibi ukutani. Leo anacheka, kesho katoa ulimi. Oduol akagoma.

"Sura ya mama mzee mimi sibomoi. Ni mkosi! Ifute kwanza."

Kufuta ikawa kazi ya Felix, naye akaigeuza mchezo. Anasimama mbali, anainama kwa heshima za uongo: "Shikamoo, Bibi!" Halafu ndoo ya maji, pwaa! Mkaa unachuruzika, nyumba inaanguka.

Mwishowe ikabaki nyumba moja tu, ya Bibi mwenyewe. Majirani walisema kashaenda zake Sirari, kwa binti yake.

Ukutani, juu ya kigoda, Bibi alikuwepo kama kawaida, mweusi kwa mkaa, mweupe kwa chokaa. Nzi akatua puani.

"Leo umejitahidi, msanii," Felix alicheka. "Umedanganya mpaka nzi!"

Mogesi alitoa simu, akaanza kurekodi. Safari hii hakuna aliyecheka. Bodaboda walikuwa wamezima injini, akina mama wametua ndoo zao chini. Felix akaona ndiyo basi, wamenyoosha mikono.

Akainama. "Shikamoo, Bibi!"

Pwaa!

Mkaa ukachuruzika. Chokaa ikachuruzika. Nzi akaruka.

"Marahaba, mwanangu," Bibi akajibu, akijipangusa macho kwa khanga. "Na huyo mwenzako wa katapila, mbona hanisalimii?"