Dawati la Melania

Askari wawili walikuwa darini wakitafuta kompyuta. Vumbi liliwamwagikia wanafunzi wa Mwalimu Salvina, lakini hakuna aliyeinua kichwa.

Chini, Inspekta Leodgar alitokwa na jasho. Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza mashine hizo nchini, na mkubwa wake kule Shinyanga alimwambia wazi: alete kila kipande cha ile iliyofichwa shuleni hapo na kila aliyeiendesha, la sivyo arudi kwao Samuye akalime pamba. Leodgar alikuwa na watoto wa kulisha, na jembe hakulipenda tangu utotoni.

Dalili zilikuwepo. Kiwanda cha kuchambua pamba kilikuwa kikimletea Mwalimu hesabu za njia: malori yaanzie kijiji gani na yamalizie wapi ili mafuta yasiwaishie porini. Makarani walihangaika nazo wiki nzima. Mwalimu alizimaliza kabla ya chai. Hata sasa dereva alikuwa nje akisubiri jibu.

"Mwalimu, sema iko wapi," alisema Leodgar. "Ukisema mwenyewe nitakuombea."

"Tafuta, Afande. Mimi nafundisha."

Ubao ulijaa mabano ndani ya mabano, kama vyungu vilivyopangwa kimoja ndani ya kingine. Mwalimu hakuficha kwamba ile ni lugha ya kompyuta. Alimweleza kuwa asili yake ni hisabati, iliyobuniwa kwa kalamu na karatasi kabla kompyuta hazijakuwepo: kazi kubwa huvunjwavunjwa, kila mmoja akafanya kidogo chake na kumpa mwenzake, kama watu wanavyopokezana matofali kwenye ujenzi. Leodgar aliona anachezewa akili. Lugha bila mashine, ataiongea nani?

Miguu ikamchoka, akaketi nyuma kwenye dawati lililokuwa tupu. Wanafunzi walipeana vigae vya vyungu vilivyoandikwa kwa chaki, maana madaftari yalikuwa adimu. Msichana aliyekaa mbele yake, Mageni, akamgeukia na kigae chenye namba mbili.

"Shikamoo, Afande. Ipi ndogo?"

Leodgar aliitikia marahaba huku akimwonea huruma. Sekondari nzima, hata hilo halijui! Akaifuta kubwa kwa kidole, akamrudishia. Akaletewa kingine, na kingine tena. Alifuta tu, masikio yakiwa darini.

Askari wakashuka mikono mitupu. Stoo hakuna, jikoni hakuna, hata chooni hakuna. Leodgar alijiona tayari yuko Samuye, jembe begani.

Hapo Mageni akapeleka kigae cha mwisho mbele. Mwalimu akakitazama, akamsomea dereva dirishani majina ya vijiji kwa mpangilio, na lori likaondoka.

Leodgar akaruka kutoka kwenye dawati. "Jibu limetoka wapi? Mashine inafanya kazi sasa hivi! Iko wapi?"

"Umo ndani yake, Afande," Mwalimu alisema. "Kila dawati lina kazi yake. Leo nilitaka kuahirisha, maana Melania ana malaria, na yeye ndiye wa kuchagua namba ndogo."

Askari mmoja akatoa pingu, akauliza aanze na nani. Leodgar akauficha mgongoni mkono wake uliojaa chaki.