Kapu Limefungwa

Kila aliyeingia masjala ya hospitali wiki ile alikuwa na ombi moja tu kwa karani mkuu: tafadhali, Kapu lisifungwe.

Kapu lilikuwa namba. Katika mfumo wa zamani kila ugonjwa ulikuwa na namba yake, na mwisho kabisa, baada ya magonjwa yote, palikuwa na tisini na tisa: Mengineyo. Daktari akichoka, tisini na tisa. Akishindwa kujua mtu anaumwa nini, tisini na tisa. Makarani ndio waliolibatiza jina hilo la Kapu, kwa kuwa kila kitu kilitupwa humo, kuanzia kikohozi kisichoisha hadi mguu uliovimba tu wenyewe.

Sasa mfumo mpya ulikuwa njiani, na namba zake zilikuwa nyingi ajabu. Hata mtu aliyedonolewa na bata alikuwa na yake. Kuhusu Kapu, kila hospitali iliachiwa iamue yenyewe, na wakubwa wa hapo, kama kawaida yao, wakamtupia mzigo karani mkuu. Huyu walimwita Bwana Namba. Alizijua namba za magonjwa kuliko alivyojua siku walizozaliwa wanawe.

"Nalifunga," alisema, na hakutaka mjadala.

Sababu alikuwa nayo. Mkewe alikuwa ndani ya Kapu. Tangu mvua zianze mama wa watu alikuwa akihudhuria kliniki hapo hapo, nguo zikizidi kumpwaya, na kila faili lake liliporudi masjala lilikuwa limeandikwa yale yale: tisini na tisa. Bwana Namba alilisoma kama mtu aliyetukanwa. Mama watoto wake, Mengineyo! Alimwendea daktari, dada mmoja mpole asiyependa kumtazama mtu usoni, akaambiwa majibu bado hayajawa wazi, mzee, tuvute subira. Subira, subira, na huku mtu anakwisha.

Kwake yeye jambo lilikuwa wazi. Daktari ni mvivu, na mvivu anatibiwa kwa kufungiwa mlango wa uani. Kapu likifungwa, kompyuta haitapokea faili lisilo na jina la ugonjwa. Daktari atake asitake ataumiza kichwa, atautafuta, ataupata, na ugonjwa ukishajulikana utatibiwa. Hilo ndilo tumaini pekee lililombakia, akaling'ang'ania kama mfa maji.

Siku ya mafunzo aliwakusanya madaktari na wauguzi katika chumba cha kulia. Mashine ya kuonyeshea picha ukutani ilizimika mara kwa mara, nusu ya watu wakasinzia, na waliokuwa macho walitaka kujua tu chai inakuja lini. Alifunga somo kwa kuwarushia kijembe.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Wauguzi wakacheka. Daktari yule hakucheka. Wenzake walipotoka alibaki, akamwomba Kapu liachwe wazi mwezi mmoja tu zaidi. Bwana Namba akamuuliza kama mwezi huo anautaka wa kulala. Daktari akaenda zake.

Nyumbani hali ilikuwa ile ile. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyotoka. Mkewe alikaa na mto mgongoni, lakini utani hakuuacha, maana ndio waliooana nao.

"Kapu la watu limekukosea nini, baba watoto? Mtu akikosa pa kukaa, si bora akae humo?"

"Nalifunga kwa ajili yako."

Mkewe akauliza linafungwa lini. Jumatatu, aliambiwa.

"Basi Jumapili usiende kazini. Tukae, mimi na wewe."

Akamwahidi. Lakini Jumapili asubuhi simu ikaita: kompyuta za wodi zote zimegoma, na pasipo yeye hakuna anayejua pa kushika. Mkewe alikuwa amekwisha kuoga na kuvaa gauni lake zuri, ameketi anamngoja.

"Hata leo?"

"Leo tu," akasema, akivaa viatu. "Kesho ndiyo siku yako."

Alirudi akamkuta amelala, gauni lile lile mwilini. Akaona huruma kumwamsha.

Jumatatu hospitali ilikuwa vurugu mechi. Foleni ilifika getini, kompyuta zinakataa hiki na kile, wauguzi wanamlaani Bwana Namba bila kujificha. Yeye aliyasikia yote, akayaacha yapite. Alikuwa anangoja kuitwa na chumba kimoja tu, na mchana akaitwa: kompyuta ya daktari yule haikubali faili.

Kwenye benchi nje ya mlango alikuwa mkewe, ambaye siku hiyo ilikuwa ya kliniki yake. Akamgusa bega. Leo ndiyo leo, alimnong'oneza. Mkewe hakuinua uso.

Ndani, faili la mkewe lilikuwa limefunguliwa kwenye kioo, na pale pa kuandika ugonjwa palikuwa patupu.

"Mengineyo haipo tena, dokta," alisema, na furaha hakuificha. "Leo utaandika jina."

Daktari aliinuka, akafunga mlango, akamvutia kiti.

"Jina ninalo tangu mvua zianze, mzee. Mkeo ndiye aliyeniomba nimtie kwenye Kapu, maana kila faili linapita mkononi mwako. Nilimsihi akwambie mwenyewe kabla hujalifunga, naye akaniapia kwamba Jumapili atakwambia."